Kishindo na Vidato Kumi na Saba

Dar es Salaam, 22 Mei 1934

Kwa ami yangu mpenzi, Bwana Mbaruk bin Humoud, Unguja.

Shikamoo ami, na mkono wako naubusu kutoka ng'ambo hii. Natumaini barua itakukuta unakunywa kahawa, si dawa. Sisi hatujambo. Mke wangu Fakhriya anakusalimu sana. Mimba imeingia mwezi wa tano na ameichukia harufu ya samli, jambo ambalo kwa mke wa muuza samli ni mtihani mkubwa. Shangazi Mauza na binti yake Amna wape salamu zetu, na uwaambie wasikushibishe mno, ukarudi ukashindwa kupita mlangoni.

Dukani mambo si mabaya. Makanda ya tende yamefika salama, na watu wa Kariakoo wamenunua kabla hatujamaliza kuyapanga. Lakini masika yametutesa. Ile ngazi yako ya nje ilioza vidato vitatu kwa mpigo, nikamwita Seifu seremala akaibomoa yote na kutengeneza mpya, ya mbao ngumu. Nilitaka ukirudi na macho yako mazima uione uifurahie.

Kuhusu mbwa wako Kishindo: anakula, anabweka, wezi wanamwogopa. Ila tangu ngazi ibadilishwe hapendi kupanda juu. Anafika kidato cha kwanza, anaketi, anatazama pembeni kama mtu aliyeombwa mchango wa harusi. Nadhani ni uzee. Usijali kitu, ami, wewe shughulikia matibabu ya macho yako.

Mwanao mtiifu,
Hamud


Unguja, 9 Juni 1934

Mwanangu Hamud,

Marahaba. Barua yako imefika na tumefurahi wote. Mauza anasema Fakhriya anuse ndimu, harufu ya samli itampungukia. Amna amemaliza juzuu nyingine na amejaa majivuno, usimsifu ukimwandikia. Mimi daktari ananitazama kila wiki na macho yanaendelea vizuri. Usishangae mistari kupanda mmoja juu ya mwenzake, nimeandika jua limeshazama.

Nakushukuru kwa ngazi, ingawa hukuniuliza. Ile ya zamani niliijua kwa nyayo.

Sasa nieleze, uzee gani? Kishindo ana miaka minne. Mimi ndiye niliyemwokota mtaa wa Gerezani kando ya reli, akiwa hajafungua macho vizuri, anatetemeka hata nzi akipita. Nilimpa jina kubwa ili moyo ulifuate. Kwa ngazi hakuwa na shida. Au umesahau kwamba tangu ukungu uniingie machoni yeye ndiye aliyekuwa akinitangulia? Njuga zake zikilia shingoni, mimi namfuata kwa sikio. Akifika juu huzitikisa mara moja, najua hapa ndipo mwisho. Mbwa wa kazi hiyo haachi hivi hivi.

Mfundishe upya. Anza na kidato kimoja, kesho kingine. Usimpige wala usimfokee. Na ukumbuke ni nani aliyemlisha mpaka nyumba hiyo ikawa salama na wezi.

Ami yako,
Mbaruk


Dar es Salaam, 30 Juni 1934

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Maulidi tumeyasoma vizuri mwaka huu, pilau ilitosha mpaka jirani zetu Wakristo walikula wakabeba na ya nyumbani. Watu wengi wamekuulizia. Fakhriya amejaribu ndimu, sasa anachukia na ndimu.

Agizo lako nimelishika. Nimeweka kipande cha nyama kidato cha tatu, paka akala. Nimeweka kingine, nikamfukuza paka, Kishindo akakitazama mpaka kikajaa nzi. Nimelaza mkeka juu ya vidato ili asione chini kupitia kwenye mianya, akaulalia sehemu ya chini akapata usingizi. Fakhriya alikuwa ananitazama dirishani, akacheka hadi nikahofia mtoto.

Mwisho nikamwendea jirani yetu Anaeli, yule Mchaga wa karakana ya reli. Kwao Machame wamelelewa na mbwa, na hana wasiwasi wa kuwashika. Alikuja akachuchumaa uani nusu saa nzima, anatazama tu. Halafu akaniambia jambo moja, akaenda zake. Jambo lenyewe halina maana, sitakuchosha nalo.

Nadhani sababu ni nyundo za Seifu. Zilipigwa siku tatu na mbwa mwenyewe unamjua, moyo wake mwepesi. Ami, kwa nini usikae chini ukirudi? Naweza kukutengea chumba cha nyuma, nikapaka chokaa. Hutahitaji ngazi wala mbwa.

Natumaini macho yanazidi kupata nafuu.

Mwanao,
Hamud


Unguja, 3 Agosti 1934

Mwanangu Hamud,

Marahaba na salamu nyingi. Anayeandika ni Amna, kalamu yangu imevunjika. Yeye na mama yake hawajambo, isipokuwa Mauza ana kikohozi cha kila kipupwe na hataki kuambiwa. Fakhriya apumzike, mwezi wa saba si wa kubeba ndoo.

Chumba cha nyuma sikitaki. Hicho ni ghala la tende na samli, mimi si panya. Kule juu nilikaa na marehemu mke wangu miaka kumi na tisa. Dirishani kwangu naisikia adhana kabla ya mtu yeyote mtaani, na baada yake naisikia Kariakoo inaamka, kwanza mikokoteni, halafu kuku, halafu watu wanaogombania kuku. Usiniambie niende kulala kati ya magunia.

Nataka unijibu maswali haya bila mzaha. Ngazi mpya ina vidato vingapi? Ya zamani ilikuwa kumi na vinne. Ina mkono wa kushikia upande gani? Inapinda wapi? Kidato cha mwisho kiko sawa na sakafu au kimezidi?

Nimekusudia kurudi kwa boti ya mwisho wa Oktoba. Lakini nitasema mara moja tu. Kishindo asipopanda, na mimi sipandi. Sitaki kushikwa mkono kama bibi harusi kila nikitaka kushuka kwenda kusali. Nitabaki hapa kwa dada yangu mpaka siku zangu ziishe, nawe chumba cha juu mpe mtu mwingine.

Ami yako,
Mbaruk


Dar es Salaam, 20 Agosti 1934

Ami yangu,

Shikamoo. Fakhriya hajambo, ndoo tumempokonya. Shangazi nampa pole ya kikohozi. Amna mdogo wangu, nakuomba umsomee ami barua hii yote, neno kwa neno, hata ukifika mahali ukaona haya kwa ajili yangu. Usiruke.

Ami, vidato ni kumi na saba. Mkono wa kushikia uko kushoto. Inapinda baada ya kidato cha tisa, na cha mwisho kimezidi sakafu kwa unene wa vidole viwili. Nimeyaandika hayo nikalia, kwa sababu mtu anayeona haulizi hivyo. Kalamu hununuliwa dukani, haiwezi kukuzuia kuandika. Sasa najua kwa nini unamtaka mbwa, na najua nimekujengea ngazi ambayo miguu yako haiijui. Niliijenga kwa mapenzi na nimekufungia mlango wa nyumba yako.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili ninalolificha tangu Aprili.

Kishindo si mzee, na nyundo hazikumfanya kitu. Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na tatu. Seifu alikuwa amebomoa ngazi ya zamani na mpya bado. Usiku uliotangulia mtu alijaribu kuvunja dirisha lako la juu, nikaona lazima mbwa akae huko. Mimi nilikuwa nimekwisha oga na kutawadha, nimevaa kanzu nyeupe ya kwendea msikitini, na Kishindo alikuwa amelowa mvua. Mbwa mkavu mtu humshika bila neno. Huyu alikuwa anachuruzika maji. Kumbeba mikononi juu ya ngazi ya fundi maana yake nioshe mara saba na mojawapo kwa udongo, nibadili nguo, khutba inipite.

Basi nikajiona nina akili. Nikamtia kwenye gunia, kichwa kikiwa nje, nikalifunga kamba ya kapi, lile la juu ya dirisha lako, tunalopandishia makanda ya tende ghala la chini likijaa. Nikapanda ngazi ya fundi, nikasimama dirishani kwako, nikaanza kuvuta. Nilimvuta kama mzigo, ami. Gunia lilikuwa linazunguka. Hakubweka hata mara moja, alikuwa ananitazama tu kila uso wake ukigeukia kwangu. Nilidhani ametulia. Alikuwa ananitegemea.

Alipofika usawa wa dirisha nikanyoosha mkono wa kulia nilivute gunia ndani, kamba nikiwa nimeishika kwa wa kushoto. Akanilamba mkono.

Nikashtuka. Nikarudisha mkono kama mtu aliyeungua, na ule wa kushoto nao ukaachia. Sikuamua kuachia. Lakini mwili wangu ulikumbuka kanzu kabla ya kukumbuka mbwa.

Alianguka juu ya rundo la mchanga wa Seifu, mchanga ndio uliomwokoa. Alichechemea wiki tatu, na njuga mbili zilipondeka. Na mimi, ami, nilishuka, nikauosha mkono mara saba, nikaenda kusali. Nilipotoka msikitini ndipo nikaenda kumtazama. Huo ndio mpangilio wangu wa siku ile, na kila nikisujudu naukumbuka.

Anaeli aliyaona yote bila kuambiwa. Lile jambo nililosema halina maana ni hili: "Bwana Hamud, huyu mbwa haogopi juu. Anaogopa mkono wako."

Sikuombi kitu. Nimechoka kukuandikia uongo.

Hamud


Dar es Salaam, 22 Septemba 1934

Ami Mbaruk,

Shikamoo. Boti nne zimekuja na sina barua yako. Sina haki ya kuuliza. Fakhriya amejifungua mtoto wa kike Jumatano ya juma lililopita, wote wazima. Nilitaka umchagulie jina wewe, lakini siku ya saba ilifika pasipo neno lako, tukamwita Mwanamkuu kwa jina la marehemu mkeo. Kama tumekosea, niambie.

Habari za mbwa nakuandikia hata kama hunijibu. Anaeli alinikataza ngazi kabisa. Aliniambia nikae uani kila alasiri, mkono wangu wa kulia wazi juu ya goti, nisimwite wala nisimpe chakula. Siku kumi na moja nilikaa hivyo. Wateja wananipita, wengine wanauliza kama nimefilisika. Siku ya kumi na mbili akaja, akanusa, akaondoka. Ya kumi na tatu akanilamba.

Mkono sikuuondoa. Ulitaka kuondoka wenyewe, ami, sitakudanganya. Niliushika kwa ule mwingine.

Nimeweka ndoo ya maji na kopo la udongo chini ya ngazi. Ubao mmoja juu ya matofali mawili anaupanda sasa, nikiwa kando yake.

Mwanao, ukiruhusu,
Hamud


Unguja, 6 Oktoba 1934

Hamud,

Marahaba. Mtoto Mungu amkuze. Jina hamkukosea. Amna alipolisoma nilimwambia alirudie, nikamwambia tena alirudie, mpaka mama yake akamfokea kwa nini ananiliza.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo. Hasira yangu si ya gunia. Kijana yeyote wa kwetu angeweza kufanya ujinga ule, na mimi kabla ya Kishindo ningeufanya. Mkono ukishtuka umeshtuka. Kilichoniuma ni ile nusu saa msikitini, na baada yake zile barua. Ulimwita mnyama wangu mzee. Ulimsingizia moyo mwepesi. Mate ya mbwa tumefundishwa namna ya kuyaosha, uongo sijui wewe uliosha na nini.

Nilimwambia Amna aandike hayo kisha ayasome kwa sauti, na nilipoyasikia nikaiweka barua siku nne bila kuituma. Maana mimi nami nilikuandikia kwamba macho yanaendelea vizuri. Hamud, yalizimika yote mawili, la kulia na la kushoto, mwezi wa Juni, wiki ileile niliyokuandikia jua limeshazama. Kumbe ilikuwa saa nne ya asubuhi. Daktari alijitahidi. Mimi ndiye niliyechelewa, miaka miwili naona ukungu najitia hamnazo kwa sababu nilikuwa na mbwa wa kunionyesha njia. Nilikuficha kwa kuwa niliogopa mtanihamishia chini kati ya magunia kwa huruma. Kumbe ulinitajia chumba cha chini kabla hata ya kujua. Hilo nalo liliniuma, sasa najua ulikuwa unakimbia ngazi, hukuwa unanikimbia mimi.

Msamaha wangu unao. Wa Kishindo sina mamlaka nao. Nataka kujua kama amekupa.

Boti ya tarehe thelathini na moja bado ninaikusudia. Nitasubiri neno lako kabla ya kufunga sanduku. Usinitie moyo bure. Kama hapandi, andika hapandi.

Ami yako,
Mbaruk


Dar es Salaam, 25 Oktoba 1934

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo, na mikono yako yote miwili naibusu. Mwanamkuu hajambo, ananyonya kama mtu mwenye safari. Fakhriya amepatana na samli. Shangazi na Amna salamu, na Amna nampa pole, barua za mwaka huu hazikuwa za umri wake.

Ami, usiku nilioipokea barua yako sikulala. Asubuhi nilimsomea Kishindo ile sehemu ya msamaha wake. Usinicheke. Alikuwa amelala juu ya kidato cha tatu.

Sasa nakuandikia jambo kama lilivyo. Peke yake hapandi. Nimejaribu kusimama juu nikamwita, haji. Nimejaribu kumtuma mbele nikamfuata, anageuka. Anapanda kwa namna moja tu. Mkono wangu wa kulia uwe mdomoni pake. Kila kidato anasimama, anaulamba, anasubiri aone kama nitauondoa. Nikiuacha, anapanda kingine. Vidato kumi na saba, kila kimoja na kulambwa kwake. Kwenye kona ya kidato cha tisa, pale pa kutazama chini uani, anaulamba mara mbili na miguu yake ya nyuma inatetemeka, nami namngoja. Siku ya kwanza tulipofika juu alizitikisa njuga zake zilizobaki. Nikakaa chini pale mlangoni kwako nikalia hadi Fakhriya akadhani nimeanguka mimi.

Kanzu zote zina alama za mate. Naosha mara saba, na kwa udongo, asubuhi na jioni, watu wa msikitini wanajua sababu ya kuchelewa kwangu. Kwa muda ule ninaomimina maji, kila mara, naikumbuka Ijumaa ile. Sidhani kama nitaacha kuikumbuka, na sitaki.

Kwa hiyo ukiuliza kama amenisamehe, sijui. Kila kidato ananiuliza upya. Kila kidato namjibu.

Nimefikiri hivi. Mbele apande yeye na mimi, mkono wangu mdomoni pake, nawe utufuate nyuma kwa njuga. Hakuna atakayekushika mkono. Ni mimi nitakayeshikwa. Huenda mwezi ujao ataniacha akutangulie peke yake kama zamani, au huenda nitapanda naye hivi miaka yote atakayoishi. Nimekubali lolote kati ya hayo. Seifu amekipunguza kile kidato kilichozidi sakafu kikawa sawa nayo, na kwenye mkono wa kushikia amechonga alama kumi na saba ndogo, uzihesabu kwa kidole.

Funga sanduku, ami. Tarehe thelathini na moja tutakuwa bandarini sote wawili. Ukishuka kwenye boti simama kando ya watu, unyooshe mkono wako. Atakayekuwa na pua baridi ni Kishindo. Atakayetetemeka ni mimi.

Mwanao,
Hamud